Mikoko ni ya Nani?

Ukifika Lamu, inua macho utazame dari za nyumba za kale. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti ni mti wa mkoko. Majahazi yalizibeba boriti hizo hizo hadi Uarabuni kwa karne nyingi. Kwa hivyo mtu akiniambia Wapwani wafundishwe thamani ya mikoko, mimi hucheka tu. Shida haikuwa kutojua. Shida ilikuwa nani ana usemi.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Aliyezaliwa kando yake akageuka mwombaji wa kibali. Uhuru ukaja, mpango ukabaki ule ule. Kule Gazi, Kwale, katika miaka ya 1970 mikoko ilifyekwa kuwa kuni za viwanda. Mwaka 1982 kuuza boriti nje kukapigwa marufuku, na amri ikatoka juu kama kawaida. Kisha ikaja El Niño ya 1997 na 1998. Mafuriko yakamwaga tope kwenye hori la Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa. Hali ya hewa haikungoja kibali cha mtu.

Gazi walikuwa wameshaanza kupanda upya, pamoja na watafiti, tangu 1991. Lakini kupanda ni kitu kimoja, kuamua ni kingine. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowapa wananchi nafasi ya kuunda vyama na kusimamia misitu pamoja na serikali. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117, wanauza kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, kisha wanakaa kikao kuamua pesa ziende wapi: maji, shule, miche mipya.

Msitu bado ni mali ya umma, na mnunuzi wa kaboni yuko mbali. Hata hivyo, kwangu mimi, kikao kile ndicho kitu kipya kabisa katika historia hii.

Leo kaunti zina kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi. Sawa. Je, zinaamua bajeti, ama zinaitwa kupiga makofi? Kama wewe ni wa Pwani, nenda kikao cha wadi yako ukaulize. Ufuo ukiliwa na bahari, nyumba itakayoenda na maji si ya aliyeandika amri.