Moshi na vumbi la Kalemie: hewa imebeba nini ndani yake

Mwezi wa nane, saa kumi na mbili ya asubuhi, mtu akisimama kwenye kilima cha Kalemie na kuangalia chini, ziwa halionekani vizuri. Kitu cheupe kimefunika mabati ya Kataki na ya Lubuye. Wengi wanasema ni ukungu. Lakini ukungu wa kweli ni maji tu, na huu unanuka moto. Ukipangusa kiti kilicholala nje, kitambaa kinatoka kimechafuka. Ni moshi wa mbabula, moshi wa pori na vumbi la barabara, vyote vimechanganyika na kubaki chini kwa sababu usiku hewa ya karibu na ardhi inapoa na haipandi. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, kile kitu cheupe kinapungua. Hakiishi.

Katika moshi huo, kinachowasumbua sana waganga ni chembe zile zisizoonekana kwa macho. Zinaitwa PM2,5, maana yake chembe zenye upana wa mikromita 2,5 ao chini ya hapo. Unywele mmoja wa mtu una upana wa karibu mikromita 70, kwa hiyo chembe hizo ni nyembamba kuupita karibu mara 30. Vumbi kubwa linakamatwa puani na kooni, mtu anapiga chafya ao anatema. Hizi ndogo zinapita, zinafika mwisho wa mapafu, na zile ndogo kabisa zinaingia katika damu. Ndiyo sababu ugonjwa wake si kikohozi peke yake: ni moyo, ni kupooza kwa upande mmoja, ni nimonia ya watoto. Mwaka 2013, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka chembe za hewani katika orodha ya vitu ambavyo hakika vinaleta kansa.

Si kitu kimoja

Neno PM2,5 linasema ukubwa tu. Halisemi chembe imetengenezwa na nini. Ni kama kusema « mfuko wa kilo hamsini »: ndani inaweza kuwa unga, inaweza kuwa simenti.

Ukifungua mfuko wa hewa, kwanza utakuta kaboni nyeusi, ndiyo masizi, ile inayopaka sufuria na ukuta wa jikoni. Inatoka mahali popote moto unapokosa hewa ya kutosha: kuni mbichi, mazutu katika moteri ya zamani, matairi yanayochomwa. Karibu nayo kuna kaboni ya aina nyingine, mafuta mafuta na utomvu uliopikwa, ambayo inaupa moshi wa kuni rangi yake ya kahawia na harufu yake. Katika moshi wa kuni na wa nyasi, hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Halafu kuna udongo: silika, aluminiamu, chuma, kalisi. Barabara nyekundu ya Kalemie ina chuma kingi, ndiyo inayoipa rangi. Kila pikipiki inayopita inaurusha udongo juu. Sehemu kubwa ya vumbi hilo ni nene na inaanguka karibu, lakini kidogo kinasagika na kuwa laini, kinabaki hewani. Upande wa Kabimba, kwenye kiwanda cha simenti, ni kawaida kalisi izidi, kwa kuwa simenti inapikwa kutoka mawe ya chokaa.

Na kuna chembe ambazo hazitoki katika moto wala katika ardhi. Zinazaliwa hewani kwenyewe. Gesi ya salfa ikitoka katika mazutu ao makaa ya mawe inapanda, inakutana na jua na unyevu, inageuka kuwa salfeti. Gesi ya nitrojeni ya moteri inageuka kuwa nitreti. Amonia ya mavi ya ng'ombe na ya mbolea inashikana nazo. Gesi isiyoonekana inakuwa chembe, na wakati huo imeshasafiri mbali na mahali ilipotoka. Watu wa Goma wanajua jambo hili hata bila kusoma kemia: Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi ya salfa kwa wingi mno, na sehemu yake inakuwa salfeti inayobebwa na upepo.

Kuzitambua chembe ni kazi kama ya laboratware ya hopitali. Wanavuta hewa kupitia karatasi ya chujio kwa saa 24, wanapima uzito, kisha wanatafuta alama. Potasiamu pamoja na sukari moja inayoitwa levoglukosani inaonyesha kuni na nyasi, kwa kuwa sukari hiyo inatoka katika miti na nyasi zinazoungua. Silika na aluminiamu vinaonyesha udongo. Zinki mara nyingi inaonyesha matairi na mafuta ya moteri.

Nairobi walifanya kazi hiyo kuanzia 2008 mpaka 2010, na magari pamoja na vumbi la ardhi yalitoka na karibu 74 kwa mia ya chembe. Kinshasa, vipimo vya 2019 vilitoa zaidi ya mikrogramu 40 katika kila meta moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka, na kiangazi kilikuwa kibaya kuliko majira ya mvua. Shirika la Afya Duniani (OMS) tangu 2021 linataka wastani wa mwaka usipite 5.

Kalemie si Nairobi. Magari ni machache. Hapa mtu anayetafuta chanzo cha moshi aanze jikoni.

Mbabula, samaki na mtoto mgongoni

Katika mji, chakula kinapikwa kwa makala. Pembeni ya mji na vijijini, kwa kuni. Umeme wa sentrali ya Bendera, kwenye mto Kyimbi, hautoshi kwa kila nyumba, na hata mwenye nao mara nyingi anauweka kwa taa na telefone. Wamama wengi wanapenda makala sababu « haina moshi ». Ni kweli nusu. Moshi wa makala ulishatoka porini, kwenye tanuru la mchomaji, ambaye ameuvuta yeye na kijiji chake. Kinachobaki kinatoa chembe chache kuliko kuni, isipokuwa wakati wa kuwasha, kama makala imelowa ao mtu ameiwasha kwa kipande cha plastiki. Hiyo plastiki ni kosa kubwa: inatoa masizi na sumu kwa dakika kumi zile zile ambazo mama amejiinamia anapuliza.

Lakini makala ina hatari ya pili, ambayo si chembe. Inatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nyingi kuliko ya kuni. Mbabula ikiingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango ukafungwa, watu wanaweza kulala na wasiamke. Kukosa moshi si alama ya usalama.

Wenye kuvuta moshi mwingi kuliko wote pengine ni wamama wanaokausha samaki. Ndakala wanaanikwa juani, hao hawana shida. Migebuka na samaki wakubwa wanawekwa juu ya moto wa kuni kwa masaa mengi, na mara nyingi kuni hazijakauka, kwa kuwa zile kavu ni za bei. Moshi wa namna hiyo una mafuta mazito yanayoleta kansa, na yanabaki hewani na pia juu ya samaki. OMS inahesabu kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020, kati yao watoto zaidi ya 237 000 wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayebebwa mgongoni anavuta hewa ile ile ya mama yake, na yeye anapumua haraka zaidi.

Kuna majiko ya samaki yaliyofikiriwa kwa tatizo hili. La Chorkor lilianzia Ghana, katika mtaa wa wavuvi wa Accra wenye jina hilo: kuta za udongo, samaki juu ya vyungio vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, moto mmoja mdogo kwa samaki wengi. Baadaye FAO na mafundi wa Thiaroye, Senegal, wakaliongezea chombo cha kupokea mafuta yanayodondoka, ili yasiungue, na namna ya kupika samaki kwanza kwa joto la makala kabla ya kumpa moshi kidogo wa ladha. La Chorkor linajengwa kwa udongo na mbao, vitu ambavyo Kalemie vipo.

Moto wa pori

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, nyasi za kusini mwa Kongo, za Zambia na za Tanzania zinaungua. Watu wanachoma ili kulima, ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe, ili panya watoke. Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika, na satelaiti zinauona mstari huo mwekundu ukikata bara. Katika miezi hiyo upepo wa kusini-mashariki ndio unaovuma juu ya ziwa, kwa hiyo sehemu ya moshi wa Kalemie imevuka maji kutoka nchi nyingine bila kuonyesha pasiporti. Na sehemu ya moshi wa Tanganyika inaenda kwa jirani wa magharibi. Ziwa nalo linapata fungu lake: watafiti wameona majivu na moshi vikiliangushia nitrojeni na fosforasi.

Moteri za mazutu, za bandarini na za nyuma ya maduka, ni sehemu ndogo ya moshi wa mji, lakini zinatoa masizi laini karibu na pua za watu. Kinachotoka kinategemea salfa iliyo ndani ya mafuta. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana mazutu yao yasipite sehemu 50 za salfa kwa milioni, kuanzia mwezi wa kwanza 2015.

Mwezi wa kumi mvua inarudi na inaangusha karibu vyote hivi kwa siku chache. Maji ya kwanza yanayotoka kwenye mabati ni meusi. Ni yale masizi, pamoja na udongo na majivu ya miezi minne. Yanaachwa yamwagike, ndoo inawekwa mvua ikishaosha mabati.