Mrithi wa Jambo

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi vitufe. Iliitwa Jambo OpenOffice. Ilizaliwa na mradi wa Kilinux, ambao idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo iliufanya pamoja na kampuni ya ushauri ya Sweden, IT+46. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mipango yake ya Kiswahili. Ungeweza kudhani kwamba miaka ishirini baadaye neno "Save" lingekuwa la makumbusho.

Wakati huo mimi nilikuwa chekechea. Jambo nimeikuta kama mwanafunzi wa uzamili wa historia anavyokuta vitu vingi, yaani kwenye tanbihi ya makala ya mtu mwingine. Utafiti wangu unahusu miradi baada ya wafadhili kuondoka, na naishi Kibaha, mji uliokulia ndani ya swali hilo.

Mwaka 1963 Tanganyika na nchi nne za Nordiki, Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha hapa kituo cha kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Kikawa na sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Habari hii huwa tunaisimulia kama habari ya majengo. Mimi naona kilichokabidhiwa hasa ni wajibu. Palipatikana chombo chenye jina, bajeti na watu ambao kazi yao ni kujibu bomba likipasuka. Wakuu wa shule wamebadilika, kuta zimezeeka, lakini ukiuliza "hii ni ya nani?" unajibiwa.

Uliza hivyo kuhusu Jambo.

Hapa lazima niitetee kidogo. Programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa, mara nyingi huhesabiwa imekufa pindi mabadiliko yanapokoma. Kipimo hicho ni cha haraka mno. Jembe halijaongezewa kitu tangu enzi za babu na bado linalima. Programu ya kuandikia barua ikishaandika barua vizuri, kimya chake chaweza kuwa cha utu uzima.

Tatizo ni kwamba jembe haliunganishwi na intaneti. OpenOffice, mti ambao Jambo ilikuwa tawi lake, ilifunguliwa na kampuni ya Sun mwaka 2000. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, waandishi wengi wa programu hiyo walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Oracle ikaukabidhi mti wa zamani kwa Apache mwaka 2011. Toleo la 4.1 lilitoka Aprili 2014, na yaliyolifuata kwa zaidi ya miaka tisa yalikuwa viraka vya 4.1 hiyohiyo. Mwaka 2016 msimamizi wake alileta hadharani hoja ya kuistaafisha, kwa sababu watu wa kuziba mianya ya usalama walikuwa hawatoshi. Haikustaafishwa. Bado watu wanaipakua.

Mtunzaji mmoja aliyechoka ni hatari kuliko hata kukosa mtunzaji. Programu ndogo ya kubana mafaili, XZ, ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja kwa kujitolea. Akajitokeza msaidizi mwenye bidii, akaaminiwa, akapanda mlango wa siri ndani yake. Machi 2024 Andres Freund aliugundua kwa kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kulichelewa nusu sekunde. Nusu sekunde!

Kwa nini basi Jambo haikupata mrithi? Jibu moja nililipata Kisarawe, ambako baba yangu mdogo ana steshenari. Anachapa barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja kwa LibreOffice, kwenye kompyuta iliyozeeka. Siku moja niliigeuza menyu yote iwe ya Kiswahili, nikiwa na furaha ya mtafiti. Aliitazama kidogo.

"Mwanangu, nirudishie File yangu mahali pake. Mteja anasubiri."

Nikairudisha. Mikono yake ilikuwa imeshajua Kiingereza cha vitufe, na mdomo wake una neno lake, "sevu", ambalo hakuna kamati iliyompa. Jambo ilimfikia mtu wa aina yake ikiwa imechelewa, au haikumfikia kabisa. Kitu ambacho hakuna anayekililia kinapokwama hakipati fundi.

Linganisha na DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Takwimu za MTUHA huingizwa humo, za Kibaha na za Kisarawe. Ripoti isipoingia, kuna mtu wa halmashauri anapigiwa simu. Simu hiyo ndiyo uhai wake.

Jambo nayo haijaisha yote. Ndani ya LibreOffice ipo hadi leo nafasi ya Kiswahili, na orodha ya kusahihisha tahajia, kwa alama sw-TZ. Hizo herufi mbili za mwisho ni nchi yetu. Leseni haimzuii yeyote kuanza kesho asubuhi, na kazi yenyewe ni ya kufasiri kuliko ya uhandisi: kupitia maneno, kufuta yaliyochakaa, labda kumkubalia baba mdogo "sevu" yake. Dar es Salaam kuna chuo chenye idara ya kompyuta na pia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na kila mwaka wanafunzi wake wanatafuta mada za tasnifu. Ningependa moja ya ofisi hizo ibandike mlangoni kikaratasi kinachosema sw-TZ ni yetu, gonga hodi.