Sumu za samaki wa baharini: dalili zake na jinsi zinavyotambuliwa

Rwanda haina bahari. Samaki wa baharini wanaouzwa Kigali husafiri kwa lori kutoka pwani, na kutoka Dar es Salaam pekee ni takribani kilomita 1,500. Kwa hiyo daktari wa hapa huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa sumu hizi. Maelezo ya dereva au mfanyabiashara ndiyo yatakayomwelekeza.

Hatari si ndogo. Kisiwani Pemba, Novemba 2021, watu saba walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 walilazwa.

Dalili kwa kila aina

1. Bunju (totovu). Sumu yake imo zaidi kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi. Midomo na ulimi hufa ganzi, mara nyingi ndani ya saa moja. Kisha viungo hulegea na pumzi hukatika. Mgonjwa anaweza kushindwa kusema huku akisikia kila kitu.

2. Chaza na kome. Wakila mwani fulani mdogo sana wa baharini hupata sumu inayoleta ganzi na kupooza kama ya bunju.

3. Samaki wakubwa wa miamba kama chewa, mkunga na mzia. Huanza kutapika na kuharisha, kisha huja ganzi na kuwashwa. Kitu cha baridi huhisiwa kama kinachoma. Dalili zaweza kudumu wiki kadhaa.

4. Kasa. Kutapika, vidonda vya mdomo na koo, usingizi mzito. Watoto ndio hufa zaidi. Biashara ya kasa kuvuka mipaka imepigwa marufuku kimataifa.

Usichanganye na haya

Jodari, nguru na vibua waliokosa barafu njiani huleta uso mwekundu, kichwa kuuma na vipele muda mfupi baada ya kula. Hii si sumu ya mishipa ya fahamu, na dawa za mzio husaidia. Sumu ya dawa za kuulia wadudu huleta mate mengi, jasho na mboni ndogo za macho.

Daktari hutambuaje?

Hospitali nyingi hazina kipimo cha haraka. Daktari hutegemea maswali haya: alikula samaki gani, sehemu gani, saa ngapi, dalili ya kwanza ilikuwa ipi, nani mwingine alikula? Andika majibu. Hifadhi mabaki ya samaki kwenye barafu, pamoja na hati za mzigo zinazoonyesha alikotoka.

La kufanya

Hakuna dawa ya kuondoa sumu ya bunju. Mgonjwa husaidiwa kupumua kwa mashine mpaka iishe mwilini. Akivuka saa 24, kwa kawaida hupona. Mlaze ubavu, usimpe maziwa wala maji ikiwa mdomo umekufa ganzi, kwani anaweza kupaliwa. Ukiwa Rwanda piga 912 kuita gari la wagonjwa.

Kumbuka: kupika, kukausha wala kugandisha hakuondoi sumu hizi. Usiyemjua jina, usimpakie.