Ziwa Ndilo Mtaji

Mtu atakaye kuwapatia kazi watu wa kando ya maji hufikiri kwanza kununua mashua na nyavu. Wazo hilo si baya. Lakini historia ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, yatufundisha kwamba liko jambo linalotangulia mashua.

Naivasha ni ziwa la maji baridi, lililo kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hapo kale samaki mwenyeji wake alikuwa wa aina moja tu, tena mdogo sana. Mwaka 1925 wakaletwa perege, ambao wengi nchini Kenya huwaita ngege. Mwaka 1929 akatiwa samaki wa Marekani aitwaye besi, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Mwaka 1959 uvuvi wa nyavu kwa ajili ya biashara ukaanza. Hapo ndipo watu wengi walipopata riziki: mwenye mashua na mpiga kasia, mshona nyavu, na mama auzaye samaki wa kukaanga. Basi kazi hizo zote zilizaliwa na samaki waliopandwa ziwani kama mbegu shambani.

Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Mashua zilizidi, nyavu za matundu madogo zikanasa samaki kabla hawajazaa, na maji ya ziwa yakavutwa kwa wingi kumwagilia mashamba. Samaki wakapungua hata Februari 2001 ziwa likafungwa kwa mwaka mmoja. Amri hiyo ilikuwa ya haki kwa ziwa, lakini ilikuwa nzito kwa mvuvi, maana yeye hana mshahara wa mwezi, na watoto hawangoji samaki wakue ndipo wale. Fedha ya kusaidia jamii ina kazi yake hasa wakati kama huo: kumtunza mvuvi anayepumzisha ziwa, na kumwanzishia kazi nyingine ya kumshikilia.

Ziwa lilipofunguliwa, mashua zenye leseni zilipunguzwa. Mwaka 2007 kanuni za serikali zikavipa vikundi vya wavuvi sehemu katika kusimamia fuo zao, na mwaka 2011 vifaranga vya perege vikatiwa tena majini. Matumizi hayo hayaonekani kwa macho kama jengo jipya, lakini ndiyo yanayolisha nyavu.

Kinyume chake twakiona kaskazini, huko Kalokol kando ya Ziwa Turkana, katika uliokuwa Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao makao yake makuu yalikuwa Nakuru. Wanorwe walitoa fedha nyingi ili Waturkana wapate kazi ya uvuvi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikasimama kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki. Nia ilikuwa njema. Lakini kugandisha samaki katika nchi ya joto kali kulihitaji umeme na maji safi kwa wingi, na gharama ikawa kubwa kuliko faida. Tena ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chemchemi ya samaki hao, ikakauka maji ya ziwa yalipopungua. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Mwaka 1990 Kenya na Norwe zilivunja uhusiano, na msaada ukakoma. Wahisani wakaondoka, wavuvi wakabaki.

Twajifunza nini? Fedha hununua mashua, nyavu na hata kiwanda, lakini haziwezi kumwamuru samaki azae. Anayetoa fedha, na anayeipokea, yawapasa waulize kwanza: ziwa laweza kutoa samaki wangapi bila kufilisika? Na likihitaji kupumzika, mvuvi atakula nini? Maswali hayo yakijibiwa kabla ya mashua kununuliwa, kazi iliyoanzishwa yaweza kudumu. Yakiachwa, mashua itaoza ufukoni, na kijana aliyepewa atarudi kuomba nyingine.