Tarihi ya Kompyuta Zilizozamishwa Mafutani

Kabla hazijadhihiri kompyuta za majumbani, mafundi wa umeme walikwisha kutambua, tangu mwishoni mwa karne ya 19, ya kuwa transfoma iliyozamishwa katika mafuta hupoa upesi kuliko iliyoachwa hewani, kwani mafuta huchukua joto kwa wingi ilhali hayapitishi umeme. Hekima hiyo ndiyo aliyoifuata mbunifu wa kompyuta Seymour Cray wa Marekani, ambaye kompyuta yake ya Cray-2, iliyotokea mwaka 1985, ilikuwa na saketi zilizozama katika kiowevu kiitwacho Fluorinert.

Kwa kuwa kiowevu hicho kilikuwa ghali mno, watu wa majumbani waliotamani kusalimika na makelele ya feni waliona afadhali mafuta ya madini. Na mwaka 2007 kampuni ya Puget Systems ikaunda kompyuta ndani ya tangi la kufugia samaki. Walakini diski za kuzunguka, zenye tundu la kupitishia hewa, ilibidi zibakie nje, na aliyetaka kubadili kipuri hakuwa na budi kurowesha mikono. Kwa sababu ya taabu hiyo, desturi hii haikuenea majumbani, bali ilistawi zaidi katika majumba ya seva, ambako gharama za kupoza mitambo ni kubwa.