Katubi, Malwa na Togwa: Historia Iliyomo Kibuyuni

Katika kazi za leksikografia tunazosahihisha hapa idarani, mwanafunzi akikutana na kinywaji chochote cha nafaka huandika "pombe ya kienyeji" na kuendelea mbele. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba kwa kufanya hivyo tunapoteza historia. Mfano wetu unatoka Mwansabombwe, makao makuu ya Mwata Kazembe wa Walunda, katika bonde la mto Luapula, kusini ya Nchelenge, nchini Zambia.

Nchi ya Kazembe si ugenini kwa Kiswahili. Livingstone alipofika huko mwezi Novemba 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi hapo kwa miaka mingi. Ng'ambo ya ziwa Mweru, huko Pweto na Kilwa ya Kongo, Kiswahili kinazungumzwa hadi leo. Neno "pombe" nalo lilienea mbali na pwani, hata Wareno wa bonde la Zambezi wakalitumia katika habari za safari zao. Hata hivyo, wenyeji wa Luapula wana neno lao: ubwalwa. Neno hili ni la kale. Wanaisimu hulihusisha na mzizi mmoja wa Kibantu uliozaa utshwala wa Wazulu na malwa ya Uganda.

Uhusiano huo niliusoma vitabuni kwanza, kisha nikauonja. Julai moja, wakati wa Mutomboko, sherehe ya kila mwaka ya kukumbuka safari na ushindi wa Walunda, mimi na wenzangu wawili tulikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja mpishi wa pombe. Tulianza na katubi. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Kisha hupikwa na kuchachushwa. Machicha mazito hutiwa kibuyuni, yakamiminiwa maji ya moto, na mnywaji hufyonza kwa mrija. Maji yakiisha huongezwa mengine, na kila mara ukali hupungua.

"Hii ni malwa ya kwetu!" alisema mwenzetu wa kutoka Uganda, ambako nako wazee huzunguka chungu kimoja cha ulezi na maji ya moto, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kwake tofauti ilikuwa chombo tu, kwa kuwa hapa kibuyu hupokezanwa.

Kisha ukaja munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi kisicholevya kikiwa kibichi. Mwenzetu wa Mbeya alidai ni togwa. Tulibishana. Togwa hupata utamu kutokana na kimea cha ulezi kinachotiwa katika uji. Munkoyo hautumii kimea. Mizizi ya mmea wa porini hupondwa na kutiwa katika uji, nayo ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari. Kwa hiyo ladha zinakaribiana lakini elimu zake ni mbili.

Mama yule alitusikiliza, kisha akauliza, "Kwenu mnaotesha ulezi siku ngapi?" Tulitazamana. Walimu watatu wa lugha, na hakuna aliyejua. Mama zetu walijua, lakini hatukuwahi kuwauliza. Alituambia kwamba binti zake nao hawapiki. Wananunua chibuku ya pakiti.

Chibuku ilianzia Ukanda wa Shaba katika miaka ya 1950, na inaelezwa kuwa jina lake linatokana na "buku", daftari ambamo vipimo vya upishi viliandikwa. Pombe ya kiwandani ikapata daftari lake. Ya akina mama ilibaki vichwani mwao.

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina haya: mbege, ulanzi, wanzuki, kangara, komoni, dengelua, busaa. Nyuma ya kila jina kuna zao, chombo, hatua za upishi na vitenzi vyake. Tunawaomba wanafunzi wanaokwenda likizo wachukue daftari na kukaa na wapishi wa vijijini kwao, wawe wanywaji au la. Wasiulize tu jina la kinywaji. Waulize pia ulezi huoteshwa siku ngapi.