Kuandika Kulivyochelewa Kupata Namba

Novemba 1896, daktari wa mji mdogo wa Seaford, pwani ya kusini ya Uingereza, alichapisha katika British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aliyemtaja kwa jina la Percy F. tu. Kijana alikuwa mchangamfu na hodari wa michezo, macho yake yalikuwa mazima, na tangu akiwa na miaka saba alikuwa mikononi mwa walimu. Daktari huyo, W. Pringle Morgan, alimwambia aandike jina lake. Akaandika "Precy", na ikabidi aonyeshwe kosa zaidi ya mara moja ndipo alione. Aliposomewa imla ya maneno mepesi, maneno mengi yalitoka yamevurugika. Kisha akapewa hesabu: 749 mara 867. Aliifanya upesi na akapata. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angewapita wenzake wote shuleni.

Morgan aliiita hali hiyo upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Jina hilo likashika. Lakini ukiutazama ushahidi wake, sehemu kubwa ni ya kalamu: imla, jina lililokosewa, herufi zilizohama. Kijana alikuwa na shida ya kuandika kama alivyokuwa na shida ya kusoma, ila jina la ugonjwa lilitaja macho peke yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipopinda. Kwa karibu karne nzima kuandika kulibebwa mgongoni na kusoma, na mtoto mwenye shida ya kuandika tu hakuwa na pa kuandikishwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa watu wazima madaktari walikuwa wameshavitenganisha viwili hivyo. Mwaka 1867 William Ogle wa London alitunga neno agrafia kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuandika baada ya ubongo kudhurika, akaonyesha kwamba kupoteza usemi na kupoteza maandishi si lazima viende pamoja. Mwaka 1881 Sigmund Exner wa Vienna akadai amepata sehemu ya ubongo inayoongoza uandishi. Kisa kilichokata mzizi wa fitina kilitokea Paris. Oktoba 1887 mfanyabiashara mstaafu wa vitambaa aligundua ghafla kwamba hawezi kusoma neno hata moja, ilhali anaandika vizuri kabisa. Aliweza kuandika barua, asiweze kuisoma. Daktari Jules Dejerine alimfuatilia hadi alipofariki Januari 1892, siku chache baada ya kiharusi kingine kilichomnyang'anya na kuandika pia. Ubongo ulipopasuliwa ulikuwa na majeraha mawili, la zamani na jipya, kila moja mahali pake.

Kwa watoto somo hilo halikuhamishwa. James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, aliandika kitabu kizima mwaka 1917, nacho kikabaki kwenye kusoma. Aliyeivuta kalamu mbele ni daktari Samuel Orton. Kuanzia 1925 huko Iowa, Marekani, alipima watoto waliogeuza herufi, na katika kitabu chake cha 1937 alitenga nafasi kwa watoto ambao kuandika kwenyewe ndiko kulikowashinda. Aliuliza pia kuhusu watumiao mkono wa kushoto waliolazimishwa kuhamia wa kulia. Wazee wengi wa kwetu waliochapwa fimbo kwa kosa hilo wangekuwa na la kumwambia. Baadhi ya nadharia zake kuhusu ubongo zimekufa. Mbinu zimebaki: mtoto aone herufi, aitamke, aifuatishe kwa kidole, aiandike, vyote kwa mpigo. Anna Gillingham na Bessie Stillman walizipanga mbinu hizo ziwe mtaala, na huko Los Angeles Grace Fernald tayari alikuwa akiwafundisha watoto kupitisha kidole juu ya neno zima huku wakilitamka.

Sasa tuingie kwenye namba, maana katika hospitali na bima, kisicho na namba hakilipiwi. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ilianza mwaka 1893 kama orodha ya sababu za vifo, kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon. Hakuna anayekufa kwa mwandiko mbaya, kwa hiyo hapakuwa na haja ya safu ya uandishi. Shirika la Afya Duniani lilipoichukua mwaka 1948, orodha ilipanuliwa iingize na maradhi yasiyoua. Wataalamu wa akili wa Marekani walikuwa na kitabu chao cha magonjwa. Toleo lake la 1980 liliwapa nafasi watoto walioshindwa kusoma na walioshindwa hesabu. Kuandika hakukuwamo. Kuliingizwa katika marekebisho ya 1987, miaka 91 baada ya Percy.

Wanasiasa waliwatangulia madaktari. Sheria ya Marekani ya 1975 ya elimu ya watoto wenye ulemavu ilitaja wazi kuandika na tahajia miongoni mwa mambo ambayo mtoto anaweza kushindwa na akastahili kusaidiwa shuleni. Kwa hiyo kwa miaka 12 shule ilitambua shida ambayo kitabu cha daktari hakikuwa nayo.

Orodha ya kimataifa ya 1990 nayo ilifanya jambo la ajabu. Ilitenga F81.1 kwa tatizo la tahajia, lakini kwa sharti kwamba mtoto asiwe na historia ya tatizo la kusoma. Akiwa na yote mawili, ahesabiwe kwenye F81.0, ya kusoma. Percy angerudishwa kule kule. Mtoto ambaye shida yake ni mwandiko tu hakuruhusiwa kuingia. Yeye huangukia mara nyingi F82, ya mwili usioratibu mijongeo. Mgawanyo huu wa mkono huku na maneno kule bado upo, na nauona una mantiki, ingawa wazazi huuchukia: mtoto mmoja, daftari moja, milango miwili ya ofisi.

Kitabu cha Wamarekani cha 2013 kilipunguza ugumu. Mtoto anaweza kuandikiwa shida zaidi ya moja. Haihitajiki tena kuonyesha pengo kati ya akili yake na alama zake. Ila lazima shida iwe imedumu angalau miezi 6 licha ya kusaidiwa. Namba yake huko ni F81.81. Orodha mpya ya dunia, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatumia 6A03.1.

Tiba nayo ilikomaa pole pole. Tangu miaka ya 1980 Karen Harris na Steve Graham wamefundisha watoto kupanga, kuandika na kujikagua hatua kwa hatua, na utafiti mwingi umeunga mkono njia hiyo. Kwa mwenye mkono mgumu, kibodi inaweza kumpunguzia mzigo. Hakuna dawa ya kumeza.

Kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilianza kujenga vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark. Kikwazo kikubwa ni vipimo. Vingi vilitungwa kwa Kiingereza, ambacho tahajia yake ni mtego hata kwa wenyewe. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo shida hujificha: mtoto hukosea kidogo lakini huandika kwa taabu na kwa kuchelewa, au huangusha m na n kabla ya konsonanti. Anayeandika l pahali pa r huenda anaandika tu anavyosema nyumbani, na anayetenganisha "ana soma" anafanya kosa ambalo magazeti pia hulifanya. Kuna pia watoto wa Tanzania wanaohamia Kiingereza Kidato cha Kwanza. Kwao vitabu vya madaktari vinaagiza kwamba lugha ngeni isihesabiwe kuwa ugonjwa. Mwalimu anaweza kuanza bila mtaalamu: amwambie mtoto asimulie kisa kwa Kiswahili, kisha akiandike kisa kile kile, na aangalie ni kiasi gani kimepotea njiani.